Likizo ya Kumwuguza Mjomba Matonya

Jumanne, 1 Mei 1951. Dodoma

Siku ya kwanza! Likizo ya mwaka mzima. Bila mshahara, ni kweli, lakini pia bila kengele na bila Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wetu wa bomani. Nimeangalia kalenda: Februari ijayo ina siku ishirini na tisa. Kwa hiyo nimeipunja Serikali siku moja.

Sababu niliyoandika: kumwuguza Mjomba Matonya wa Hombolo, mgonjwa wa kifua. Mjomba hajakohoa tangu Wajerumani waondoke. Sababu ya kweli: miaka kumi na moja nimekuwa karani wa bomani na hakuna anayenithamini. Mwakani Karani Mkuu anastaafu. Mimi nikiwa mbali, kazi zote zitaharibika. Watanililia. Nitabembelezwa nirudi, na nitarudi kama Karani Mkuu.

Bwana Shauri aliniuliza nani anishikie nafasi. Nikampendekeza Gideoni, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mpole anayeandika polepole huku ametoa ncha ya ulimi. Hafiki Ijumaa.

Barua ya ruhusa niliiandika mwenyewe, Bwana Shauri akatia sahihi tu. Kwa ajili ya heshima niliongeza sentensi moja: likizo hii haitakatizwa isipokuwa kwa kifo cha mgonjwa. Tamu sana! Inasikika kama sheria.

Kiti changu nimekiacha ofisini. Cha mninga, kina mikono, nilichongewa na fundi mwaka niliooa. Ni mali yangu, si ya Serikali. Atakayekikalia ajue amemkalia Bartolomayo.

Alhamisi, 3 Mei

Nimeamka saa kumi na mbili. Nimenyoa, nimevaa tai, nimefika mlangoni, ndipo nikakumbuka sina pa kwenda.

Mke wangu Anyesi kasema kwa kuwa nimeshavaa, niende nikachote maji. Nikamweleza kwamba mtu aliye likizoni anapumzisha akili. Kasema maji hayachotwi kwa akili. Nimechota ndoo mbili. Na tai yangu.

Kumbe kazi ilikuwa inanificha mengi. Sikujua kwamba tuna kuku saba, wala kwamba mmoja wao ananichukia. Sikujua mchana ni mrefu hivi. Saa nne ya bomani ni chai. Saa nne ya nyumbani ni saa nne tu, na baada yake inakuja saa tano.

Jumatatu, 7 Mei

Leo nimepita bomani, kwa bahati tu, mara tatu. Nilitegemea kusikia vilio.

Lazima nieleze mpango wangu. Mimi sipangi mafaili kwa herufi. Ya herufi mjinga yeyote anayapata. Kesi za mbuzi niliziweka karibu na dirisha, mirathi nyuma ya birika la chai, talaka chini ya daftari la kodi. Ramani yake imo kichwani mwangu peke yake. Hiyo ndiyo bima yangu.

Khamisi, tarishi wetu, Mhehe wa Iringa, kanipa habari. Ijumaa Gideoni aliyatoa mafaili yote uani, akayapanga A mpaka Z, na jioni yakawa yamerudi ndani. Amepata na barua tatu ambazo Bwana Shauri alizitafuta tangu wakati wa vita. Zilikuwa nyuma ya birika.

Mara Gideoni mwenyewe akaniona dirishani. Akaniuliza kwa sauti kuu kama nimekuja kuiba wino, maana Mgogo akipita mahali hesabu vitu. Baraza zima likacheka. Na mimi sikuweza kukasirika! Sisi Wagogo watani wetu ni wengi, Wanyamwezi, Wasukuma, Wahehe, na mtani akikutukana unacheka, akichukua kitu chako huwezi kumdai. Nikamjibu kwamba babu yake alipita hapa na mizigo ya Wazungu kichwani, na shingo ya ukoo wao haijanyooka mpaka leo. Wakacheka zaidi. Gideoni ndiye aliyecheka kuliko wote.

Lakini moyoni niliumia. Alikuwa amekalia kiti changu, na kiti hakikulia hata kidogo. Mimi nikikikalia hulia kila nikigeuka.

Jumatano, 9 Mei

Nimekwenda kukaa barazani kwa Lalji, mwenye duka la nguo. Nilitaka kupumzika tu. Lakini wateja walikuwa wamejazana ovyo, na mkono wa kazi haulali. Nikawapanga mstari. Nikawauliza majina, vijiji, na sababu ya kutaka kanga. Wanne niliwaambia warudi kesho.

Lalji kanishukuru kwa adabu sana. Kaniletea chai. Kisha kaniomba, kama ndugu yake, nikapumzike kwenye baraza ya Valimohamed, mshindani wake wa ng'ambo ya barabara.

Ijumaa, 11 Mei

Balaa! Karani Mkuu hangoji mwakani. Macho yamemharibikia, anaondoka Agosti hii. Na Bwana Shauri kasema cheo kitakwenda kwa mtu aliye kazini, si kwa mtu aliye likizoni.

Nimekimbia bomani, safari hii bila kusingizia bahati. Nikasema mjomba amepata nafuu kubwa, namshukuru Mungu, nitaripoti Jumatatu. Bwana Shauri akafungua kabati, akaenda moja kwa moja kwenye herufi B, akatoa barua yangu. Akaisoma ile sentensi. Akakisifu Kiingereza chake. Haikatizwi isipokuwa kwa kifo. Kasema mgonjwa mwenye nafuu ndiye wa kuangaliwa sana, maana huanza kutembea ovyo. Kanipa na chupa ya dawa ya kifua, kutoka mfukoni mwake!

Gideoni alikuwa kwenye kiti changu, ametoa ncha ya ulimi, anaandika. Akufukuzaye hakwambii toka.

Nimefikiri njia nzima. Hakuna jinsi. Mjomba lazima afe.

Jumamosi, 12 Mei

Nimeandika barua ya msiba. Nimelia kidogo nilipofika kwenye maneno "baba yangu wa pili". Mazishi Jumatatu huko Hombolo. Jumatano niko kwenye kiti changu. Khamisi ameipeleka.

Anyesi kaniuliza kama nimewafikiria watani. Nimemkata kauli. Nikamwambia mambo ya bomani hayamhusu. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hajawahi kwenda Hombolo kwa baiskeli.

Kesho naondoka, nikajifiche huko siku za matanga. Mjomba sitamwambia. Kwa nini nimsumbue mzee kwa habari za kifo chake?

Jumatatu, 14 Mei. Hombolo

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Mjomba alipanda juu ya paa bapa la tembe lake kuanika mtama. Mimi nilikuwa chini kivulini, nakunywa uji, na amani tele. Mara nikasikia kilio njiani. Mtu analia kwa nguvu, tena anatukana. Nikaitambua sauti. Gideoni! Juu ya baiskeli ya Serikali! Jembe amelifunga nyuma, na furushi la nguo begani.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Kigogo analijua. Mazishi hayakosi mtani. Mtani ndiye anayemsema maiti, ndiye anayejilaza kaburini akatae kutoka mpaka apewe kitu. Ningemwandikia habari ya msiba mtu yeyote duniani, lakini si Mnyamwezi.

Akaingia uani akilia, "Toka huko, Mgogo mvivu! Umekufa ili usininunulie pombe! Kaburi liko wapi, nilikague kabla hujalichafua?"

Juu ya tembe Mjomba akamsalimu Kigogo, "Mbukwenyi!"

Gideoni akatazama juu. Baiskeli ikaanguka. Akavua kofia akasema shikamoo. Mjomba akaitikia marahaba, tena kwa afya, kisha akauliza ni nani aliyefariki.

Majirani wote wakanitazama mimi.

Nikaeleza. Sikuona pa kukimbilia. Nilidhani Mjomba ataniteremkia na fimbo. Badala yake akauliza kama ameliliwa vizuri huko mjini, na lile furushi lina nini. Ilikuwa sanda. Nguo nyeupe ya marekani, mpya kabisa, Lalji ameitoa bure kwa ajili ya ndugu yake Bartolomayo aliyefiwa. Mjomba akashuka ngazi haraka kuliko mimi ninavyoshuka. Akajipima sanda, akaifunga lubega, akageuka tumwone mgongoni. Kasema katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumpa nguo kama hii, na kama kufa ndiko huku, amechelewa.

Gideoni alicheka mpaka akakaa chini. Akafuta machozi kwa pindo la sanda. Kisha akasema mtani haendi msibani akarudi mikono mitupu, na kwamba maiti kuitikia marahaba si kosa lake. Wazee wakasema ni kweli. Desturi ni desturi.

Niliogopa. Neno moja tu kwa Bwana Shauri na sina kazi, si mwaka huu wala mwaka wowote. Nikasimama mbele ya watu wote, nikatamka: "Mtani, chukua chochote changu ukitakacho, ila usiseme bomani kwamba nilidanganya."

Nilidhani atasema kuku. Nilikuwa tayari hata kwa yule anayenichukia.

Akafikiri kidogo, ulimi nje. Akasema, "Kiti."

Vigelegele vikapigwa! Mjomba mwenyewe, ndani ya sanda yake, akashuhudia kwamba kimetolewa mbele ya wazee na hakitadaiwa. Nimeumia. Naandika wazi: nimeumia kuliko ambavyo ningeumia kwa msiba wa kweli.

Alhamisi, 17 Mei. Dodoma

Barua kutoka bomani. Mwandiko wa Gideoni, polepole na msafi. Bwana Shauri amefurahi mno kusikia kwamba habari za kifo zilitangulia mno na Mzee Matonya yu hai. Kwa kuwa yu hai, likizo inaendelea kama ilivyoandikwa. Zimebaki siku mia tatu na hamsini. Ile ya Februari imo.

Chini kuna mstari mmoja: kuanzia Agosti Gideoni atakaimu ukarani mkuu. Hakusema nilidanganya. Ametimiza ahadi neno kwa neno, yule mshenzi.

Jioni mlango ukagongwa. Mjomba, na sanda yake, na mzigo wake wa nguo nyingine. Amekuja mjini kumshukuru Lalji. Lalji alipomwona akaingia kwanza nyuma ya kaunta, baadaye akatoka akampa na kofia. Sasa Mjomba atakaa kwetu. Kasema amesomewa barua ya Serikali, na barua inasema nimwuguze mwaka mzima. Anataka supu asubuhi. Dawa ya kifua ameionja, kasema ni nzuri kwa mlo wa jioni.

Anyesi amecheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipa ndoo, maana sasa maji ni ya watu watatu.

Jumapili, 20 Mei

Siku mbili sikuandika. Nilikuwa nafikiri. Kanisani leo mahubiri yalihusu kutubu, nami nimejichunguza kwa unyofu kabisa nikaliona kosa langu.

Kosa langu ni kwamba Hombolo ni karibu mno.

Sasa ninaye shangazi, Ruthu, aliyeolewa Mtera, mbali huko mtoni. Hatoki nyumbani, hapandi juu ya nyumba, na hakuna karani atakayekwenda Mtera kwa baiskeli kwa ajili ya jembe na sanda. Kuanzia leo Shangazi ni mgonjwa. Kifua, tena kibaya kuliko cha Mjomba. Nimeandika barua kuomba mgonjwa abadilishwe, yule ameshapona aingie huyu, masharti yawe yale yale. Kufikia Julai Mungu atakuwa amempenda zaidi. Agosti mosi niko bomani nimevaa tai, na Gideoni atanipisha. Kiti nitachongewa kingine.

Wala sikurudia ujinga. Safari hii nilianza na suala la watani. Nimeuliza sana, nimehakikisha: Mtera hakuna Mnyamwezi hata mmoja. Majirani wa Shangazi wote ni Wahehe.

Barua nimempa Khamisi. Nilipomweleza habari za ugonjwa akasikitika, kasema ana ndugu huko huko Mtera, atawapelekea salamu wakae tayari. Alipofika barabarani nilimsikia anacheka peke yake. Mtu mchangamfu sana, Khamisi.