Uzinduzi wa Spika za Mahakama Kuu

Waheshimiwa majaji mnaoendelea na kazi humo ndani, mawakili wasomi, wakurugenzi, makaimu wakurugenzi, wasaidizi wa makaimu, wageni waalikwa mliopo kivulini, nanyi wananchi wa kawaida mliosimama juani kwa hiari yenu, itifaki imezingatiwa! (Makofi, viti vya mbele.)

Kwa muda mrefu mwananchi amekuwa akiketi Mahakama Kuu, anasikia mawakili wakirushiana maneno ya vitabuni, anatoka hajui kashinda au kashindwa. Ndipo ofisi yangu, kwa maono yangu, chini ya uongozi wangu mimi mwenyewe, ikabuni mkakati jumuishi wa kumfikishia hoja za mdomo msikilizaji wa chini kabisa, yaani spika hapa uani, mfasiri wa lugha nyepesi, na matangazo ya redio moja kwa moja, kwani utafiti shirikishi tulioufanyia hotelini umebaini kwamba asilimia tisini na nane ya wananchi wana masikio. (Kicheko. Wakurugenzi wanaandika.)

Namwona mama amenyoosha mkono. Sema, mama yangu, ofisi hii ni sikivu.

("Baba, rufaa ya mwanangu inasikilizwa humo ndani sasa hivi. Askari kanizuia mlangoni, eti viti vimejaa wageni wako. Ziwashe basi hizo spika, nimsikie wakili wake anavyomtetea.")

Swali zuri sana! Mpigieni makofi, huyu ndiye mdau tunayemlenga. Mama, hao waliokaa ndani ni maofisa wangu, wanafanya tathmini ya namna wewe utakavyoingia. Na spika hazibebi sauti mbili, kwa hiyo nikimaliza mimi, ataanza wakili. ("Mwacheni apite, bwana!" "Mtoto wake huyo!") Utulivu, jamani! Tusiingize pupa kwenye mchakato.

(Mlango unafunguliwa. Karani anamfuata yule mama. "Pole, mama. Wameitupa rufaa." "Kwa nini? Wamesemaje?" "Sikusikia, mama. Nilitumwa chai ya wageni." Mama anakaa chini kwenye ngazi, mtandio mdomoni. Mwanamke asiyemjua anamkumbatia.)

Mmeona wenyewe! Taarifa imetoka ndani ikamfikia mlengwa papo hapo, kwa lugha nyepesi kabisa! (Makofi mbele. Nyuma, zomeazomea.)

Nihitimishe. Nikisema "Hoja!", mseme "Kwa wote!" Hoja! (Watu wanamgeukia mama.) Hoja! ("Mwambieni mama wa watu kwa nini!")

Asanteni. Shukrani za pekee kwa fundi muziki aliyetuazima spika hizi, ambazo anazihitaji harusini mchana huu. Kwa mfasiri wetu, popote alipo, pindi tutakapomwajiri. Kwa redio, ambayo tutaiandikia barua. Na kwa wakubwa wangu, ambao siku wakiletewa wazo hili, naamini hawatalikataa.