Mwani Wangu Ulionyooka

Leo nimepatikana. Wale mlioanza kuniita Daktari jana hapa kwenye grupu, acheni. Tena mfute. Mutua inatosha.

Mnajua nasomea maji. (Mama yangu kule Machakos anawaambia watu wa kanisa kwamba mwanawe ni fundi wa mabomba Durban. Nilishaacha kubishana.) Nachunguza planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea ziwani ambavyo huwezi kuviona bila hadubini. Naenda kwenye maziwa ya kaskazini mwa mkoa huu, karibu na mpaka wa Msumbiji, napima maji yana chumvi kiasi gani, magadi kiasi gani, halafu naangalia ni akina nani wanaishi humo na ni akina nani wamefukuzwa. Maji ndiyo landilodi. Planktoni ni wapangaji tu.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nafasi ya PhD ni moja na tunaoitaka ni wawili: mimi na Thandeka, dada wa Kizulu ninayekaa naye meza moja maabara. Kila mtu asimame mbele ya idara aeleze alichopata. Nikikosa, viza inaisha, narudi nyumbani na begi langu. Ndiyo maana mlioniona asubuhi mliniona na tai.

Lakini wasiwasi sikuwa nao hata kidogo. Nilikuwa na ugunduzi!

Niwarudishe nyuma kidogo tu. Wiki ile ya kwenda maziwani, nilichelewa kuomba chupa za maabara, Thandeka akawa amezichukua karibu zote. Zilizobaki zikanitosha maziwa yote isipokuwa moja, kale kadogo ka mwisho. Nikaenda kwa Mama Gracia, mama wa Kikongo mwenye saluni chini ya ghorofa ninayoishi hapa mjini.

"Mwana yangu, mikebe iko mingi kule nyuma," akaniambia. "Beba tu!"

Mikebe mizuri, mifuniko inakaza kabisa. Nikaisuuza (sawa, niliisuuza haraka, gari lilikuwa linapiga honi), nikaizungushia masking tape, nikaandika jina la ziwa. Safari.

Tuliporudi nikaanza kupima. Maziwa mengine yote, hakuna jipya. Kufika kwa kale kadogo, pH ikapanda mpaka nikadhani mashine imelewa. Nikapima tena. Juu vilevile! Magadi matupu! Nikaweka tone chini ya hadubini. Viumbe laini wote hawako. Wamebaki wale wenye maganda magumu kama kioo, wametulia kama watu waliobaki kwenye nyumba baada ya mnada. Na kuna mwani mmoja ambao kila kitabu kinasema hujikunja kama springi. Wangu ulikuwa umenyooka twaa, kama rula.

Jamani, Mkenya akiona magadi anakumbuka kwao. Nikaona Nakuru. Nikaona Bogoria. Nikaona flamingo. (Flamingo hakukuwa na hata mmoja. Nikajiambia labda wako njiani.) Nikasema hawa watu wameishi na ziwa la magadi miaka yote hii, wakangoja mtoto wa Ukambani aje awaonyeshe!

Basi leo. Thandeka akaanza. Akaongea vizuri, polepole, grafu zake safi, maziwa yake ya kawaida. Nikampigia makofi ya huruma. Mungu anisamehe.

Zamu yangu. Nikatoa mkebe mmoja kwenye friji, nikauweka mezani mbele ya Profesa ili watu wauone ushahidi kwa macho yao. Profesa ni mama mpole wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Durban, hajawahi kupandisha sauti tangu nimjue. Na mnajua joto la hapa. Kitu kikitoka kwenye friji kinaanza kutoka jasho palepale.

Mimi nikawapa mgongo, naonyesha picha ukutani. Nikaeleza kemia. Nikaeleza wapangaji waliofukuzwa. Nikafika kwa mwani wangu ulionyooka, nikapendekeza kwamba huenda ni aina mpya kabisa. (Jina nilishaliwazia. Lilikuwa na Mutua ndani yake.) Halafu nikageuka, nikaunyooshea mkebe kidole, nikasema kwa sauti ya mhubiri:

"Humo ndani, ndugu zangu, kuna kipande cha Bonde la Ufa!"

Watu wote wanaukodolea macho mkebe. Nikasema moyoni, nimewamaliza.

Profesa akavua miwani. "Mutua, huyo dada ni nani?"

"Dada gani, Profesa?"

"Huyo kwenye ziwa lako."

Nikazunguka meza. Woi! Masking tape ilikuwa imelowa, imebanduka yote, inaning'inia. Na pale chini yake kuna dada ametabasamu, nywele zimemwagika mabegani, zinang'aa, hazina hata kona moja. Chini ya kidevu chake imeandikwa kwa herufi nyekundu: dawa ya kunyoosha nywele, kali zaidi, kwa nywele sugu.

Mnaijua hiyo dawa. Ile inayounguza ngozi ya kichwa mpaka mtu analia. Magadi si kitu mbele yake.

Profesa akafungua mfuniko taratibu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani. Kikatoka na kikrimu cheupe. Akakipangusa kwa tishu.

"pH uliipima ukiwa pale ziwani?"

"Betri ya mashine ilikuwa imeisha, Profesa. Niliipimia huku."

"Ndani ya mikebe hii."

"Ndiyo, Profesa."

Nikajaribu kuibandika ile tape upya. Halafu Thandeka, dada niliyempigia makofi ya huruma, akaweka mkono kichwani.

"Eish! Kwa hiyo ule mwani ulionyooka... Mutua, uliupeleka saluni!"

Chumba kikalipuka. Mzee mmoja wa kemia, kipara, alicheka mpaka akatoka nje kutafuta maji. Mtu wa nyuma akauliza kama niliuseti pia. Nikajaribu kujiokoa, ulimi nao hauna adabu:

"Lakini Profesa, si inathibitisha kwamba kemia ya maji ndiyo inaamua nani aishi?"

"Inathibitisha kabisa," akasema. "Ila nilikutuma ukalipime ziwa, Mutua. Sikukutuma ukaliue."

Nikakaa chini. Nikaanza kuhesabu vitu vyangu vitakavyoingia kwenye begi. Ndipo nikamsikia Thandeka akisema hataki kushinda hivi, watu watasema alishindana na mtu wa saluni. Akaomba nirudi kule na chupa zake, za glasi, na yeye aje kuzilinda. Profesa akafikiri. Akasema sawa, uamuzi usubiri, Jumatatu twende. Nilitaka kulia, walahi. Nikamwambia Thandeka asante. Akaniambia, "Sharp. Ila huzigusi wewe." (Sharp ya hapa ndiyo poa yetu.)

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka kupita saluni nimeinamisha kichwa, lakini Mama Gracia ana macho.

"Mwana yangu! Bamekupa ile doctorat?"

"Bado, Mama. Wamesema ningoje kidogo."

"Ah, pole. Lakini usiogope!" Akaingia nyuma, akatoka amekumbatia mikebe mpaka kidevuni. "Nilikuwekea ingine. Nimeambia bamama bote hapa: mikebe yangu iko inasoma kwa université!"

Na hao kina mama, vichwa vimejaa dawa, wakanipigia makofi. Mmoja akasema Mungu anibariki.

Mngefanya nini nyinyi? Moyo wa kumwambia nilikosa. Nikasema, "Merci, Mama," nikabeba yote, nikapanda ngazi.

Sasa niko kitandani na tai yangu bado shingoni. Kwenye meza kuna wale dada wamejipanga, nywele zimenyooka, wote wananicheka. Hao wanatosha. Nyinyi msiongezee.