Mashine ya Kubeba au ya Garini

Gari la matangazo lilipita mtaa wa Mtendeni saa mbili na nusu asubuhi, likasema mara moja tu, na mara moja hiyo ilitosha kumfanya Lukumani ajimwagie kahawa kwenye suruali. Kuanzia Jumatatu ni marufuku kufua mazulia kando ya barabara na kuacha maji machafu yatiririke njiani. Atakayekaidi atakamatwa yeye na zulia lake.

"Na zulia?" Breki akauliza. "Zulia limekosa nini?"

"Litatoa ushahidi," akasema Mwamvita, muuza kahawa, bila kuacha kupepea mkaa wa birika lake.

Benchi zima likamgeukia Lukumani. Hapo kijiweni hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Aliitwa Povu, kwa sababu kwa miaka kumi na minne alikuwa amepiga magoti kando ya barabara ile ile, brashi mkononi, akisugua mazulia ya nusu ya mji. Magoti yenyewe yalikuwa yamekwisha. Akisujudu msikitini, safu nzima inayasikia.

"Pole, Povu," akasema Mzee Adinani, fundi wa kanzu, ambaye wenzake walimwita Safu kwa jinsi alivyokuwa akiwasukuma watu mabega msikitini wanyooke. "Sasa utakula nini?"

Povu alikuwa na siri, na aliona sasa hakuna faida ya kuendelea kuikalia. Akaieleza yote. Alikuwa ameshauza kiwanja chake cha Ntalikwa. Kuna mtu Dar es Salaam anauza mashine za kusafishia mazulia, na zimebaki mbili, bei moja. Ya kwanza mpya, ya kubeba, kama sanduku lenye magurudumu na mpira wa kunyonyea. Ya pili imefungwa ndani ya haisi kuukuu, ina injini yake, tangi la maji safi na tangi la kunyonyea maji machafu. Hela ameshatuma. Lililobaki ni kusema anataka ipi, na mwisho wa kusema ni kabla ya adhuhuri leo, maana kuna mtu wa Mwanza naye anasubiri itakayobaki.

Asubuhi hiyo mkewe, Shamimu, alikuwa amemwambia: "Chagua mwenyewe. Usiende kuwauliza wale. Kile kijiwe hakijawahi kukubaliana hata juu ya sukari ya kahawa."

"Basi nawauliza," akasema Povu. "Nichukue ipi?"

"Gari!" Breki akapiga paja. Jina lake ni Silasi, Mgogo wa Dodoma, mstaafu wa reli, na aliitwa Breki kwa sababu mazungumzo yoyote yakifika kwake yanasimama kwa kelele. "Hapo kuna mjadala gani? Kitu chenye injini hakichoki."

"Hakichoki, kinakufa," akasema Alois, mkulima wa tumbaku wa Urambo, aliyeingia mjini tangu Jumanne kwa shughuli ambayo hakuna aliyeielewa. Kwa kuwa maisha yake yote watu wamekuwa wakimpangia tumbaku yake madaraja, naye alikuwa hakiachi kitu bila kukipa daraja, na jina lake likawa Gredi. "Ya kubeba, gredi ya kwanza. Haisi kuukuu ni makapi, tena yaliyonyeshewa."

"Wewe umewahi kuiona hiyo mashine?"

"Nimewahi kuiona haisi. Inatosha."

"Ya kubeba inakula umeme wa mwenye nyumba," akasema Breki. "Unaingia kwa mtu, unachomeka, mita ya luku inaanza kulia pii, pii, pii. Mwenye nyumba anakutazama kama unamnyonya damu."

"Na huo umeme wenyewe uwepo," Mzee Safu akadakia. "Ukikatika zulia likiwa nusu? Nusu jeupe, nusu kama lilivyokuja. Msikitini watu watagombania upande mweupe, na mwenye kazi ya kuwanyoosha ni mimi."

"Kwani gari halina mdomo?" Mwamvita akauliza. "Linataka mafuta, linataka bima, linataka kuonana na trafiki kila kona. Povu, leseni unayo?"

"Ya baiskeli."

"Baiskeli haina leseni."

"Ndiyo hiyo niliyonayo."

Wakacheka wote isipokuwa Povu. Yeye alikuwa akitazama saa ya simu yake.

"Lakini hebu sikilizeni," Breki akasimama kabisa. "Mashine ya kubeba! Mnyamwezi akisikia tu neno kubeba, bega linaanza kumwasha. Babu zako, Povu, walibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wakarudi wamebeba majora ya vitambaa ya watu hao hao. Leo, karne hii, unataka kununua mzigo kwa hela yako mwenyewe?"

"Na babu zako," akajibu Povu, "walikaa njiani kule Ugogo wanatoza hongo kila msafara unaotaka maji ya kunywa. Mtani, ninyi mlikusanya ushuru hata serikali haijazaliwa."

"Ndiyo maana sisi tulikaa kivulini."

Hapo hapakuwa na ugomvi. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyo hiyo. Wanaweza kusemana mpaka mmoja anaingia kaburini, na mwingine akaendelea kumsema akiwa humo. Sheria ni moja tu: anayekasirika ndiye mwenye makosa.

"Mpira wa hilo gari una urefu gani?" Gredi akauliza.

"Mita thelathini," akasema Povu.

"Aa. Gari litasimama barabarani, maana vichochoro vya humu mbuzi wawili wakikutana mmoja anarudi kinyumenyume. Mpira uingie kichochoroni, ukate kona, upite uani, ndiyo ufike sebuleni. Unafika?"

Hata Mwamvita akaacha kupepea.

"Tupime," akasema Breki.

Gredi alikuwa na robota la kamba ya katani aliyonunua kwa ajili ya kufungia mitumba ya tumbaku. Breki akaichukua, akatembea nayo barabarani akihesabu hatua kwa sauti. "Hatua hizi zimekagua mataruma ya reli miaka thelathini na moja," akasema. "Hazikosei hata kidole." Ilipotimia thelathini, akaikata.

"Nyumba ya nani?" Povu akauliza.

"Iliyojificha kuliko zote," akasema Mwamvita. "Ya Mzee Safu."

"Kwangu?" Mzee Safu akashtuka. "Hafsa yupo nyumbani."

"Vizuri, atafungua mlango."

"Ninyi hamumjui Hafsa."

Ikapangwa hivi: Breki atakuwa haisi. Atasimama barabarani na ncha moja ya kamba, kwa kuwa amezoea vyombo vizito. Wengine wataingia na ncha ya pili. Kichochoro kilikuwa na tope, kwa hiyo Povu akavua koti lake na kumkabidhi haisi, simu ikiwa mfukoni.

"Nikilia honi, geukeni," akasema Breki, akaanza kunguruma kwa mdomo kama injini yenye ugonjwa.

Kamba ikaingia kichochoroni. Ikanasa kwenye ndoo ya mtu, ndoo ikamwagika, mwenye ndoo akawaambia aliyokuwa nayo moyoni. Ikakata kona. Kuku mmoja akaifuata akidhani ni kitu cha kula. Ikavuka ua, ikafika mlango wa sebule, na hapo ikabaki kamba ya kama hatua moja tu. Mzee Safu, mwenye nyumba, akasimama nyuma ya Gredi.

Bi Hafsa akatokea mlangoni na upawa mkononi.

"Shikamoo, Bi Hafsa," akasema Povu.

"Marahaba. Hiyo kamba ya nini?"

"Si kamba. Ni mpira. Yaani, ni mfano wa mpira wa mashine. Tunapima kama unafika sebuleni."

"Ukishafika ufanye nini?"

"Usafishe zulia humo humo ndani, usipate taabu ya kulitoa."

Bi Hafsa akamtazama mumewe, mumewe akamtazama kuku.

"Povu, miaka yote unanifulia mazulia. Umewahi kuiona sebule yangu?"

"Sijawahi."

"Unafikiri nimesahau kukukaribisha? Zulia ndilo linalotoka. Mwanaume asiye wa hapa anabaki nje. Leo uniingie na mashine inanguruma na mabuti ya maji, unisogezee kabati la vyombo, uone nilivyo navyo na nisivyo navyo, uone yaliyo chini ya kochi, kesho mnayajadili kwenye kahawa? Zunguka Mtendeni yote, mpaka kwa mashoga zangu wa kanisani. Ukimpata mwanamke mmoja wa kukubali, njoo unioneshe."

Akamnyang'anya Povu ile kamba, akaivuta mpaka ndani, akakaa kidogo, akarudi mikono mitupu.

"Haya, vuteni."

Wakavuta. Likatoka zulia kubwa jekundu, limekunjwa na kufungwa kiunoni. Wanaume watatu wakalikokota uani, wakakata kona, wakaomba radhi kwa mwenye ndoo. Katikati ya kichochoro, magoti yakimlia, Povu akasimama ghafla kama mtu aliyeitwa.

"Gari," akasema.

"Gari gani? Vuta," akasema Gredi.

"Sikiliza. Zulia linatoka barabarani, na gari liko barabarani. Gari lina tangi linalonyonya maji yote machafu, halidondoshi tone. Marufuku ni ya maji, si ya zulia! Ya kubeba nani atakubali iingie kwake? Gari ndilo!"

Gredi akafikiri kidogo. "Gredi ya kwanza," akasema. "Nilisema tangu mwanzo."

Wakatokea barabarani wakihema, na wakamkuta Breki ameishika simu ya Povu, anacheka peke yake.

"Mtani! Jamaa yako wa Dar kapiga. Nimemmaliza!"

Povu akaliachia zulia. "Umemwambia nini?"

"Kauliza mmeamua ipi. Nikamwambia, huyo ni Mnyamwezi, mpe ya kubeba! Ukimpa gari atashuka alibebe kichwani!"

"Akacheka?"

Breki akajaribu kukumbuka. "Hapana. Akasema, 'Sawa, mzee,' akakata."

Povu akapiga, akaweka sauti kubwa. Mtu wa Dar akapokea kwa furaha. Ndiyo, mzee wao ameshathibitisha. Mashine ya kubeba inapanda basi la kesho. Haisi? Yule wa Mwanza alikuwa amesimama pale pale dukani na hela mkononi. Ameshapewa funguo, saa hizi anaitafuta Kibaha.

"Yule mzee alikuwa anatania," akasema Povu.

"Kutania? Aliongea kwa sauti ya mkutano, kaka. Mimi wateja wangu nawaheshimu." Akakata.

Povu alihisi damu inapanda mpaka masikioni. Kiwanja kimekwenda. Jumatatu barabara inafungwa. Atakuwa na mashine ambayo haina nyumba ya kuingia katika mji huu mzima. Alitaka kumshika Breki shati, na asingeweza, kwa sababu macho yote yalikuwa yanasubiri kuona kama atakasirika.

Mzee Safu ndiye aliyekohoa. "Mtani akitania akaharibu, anatozwa. Hiyo ipo tangu zamani."

"Nitoe nini?" Breki akauliza. "Nimnunulie kahawa."

"Tuulize mashine inataka nini," akasema Mwamvita. Akaanza kuhesabu vidole. "Inataka umeme. Inataka bomba karibu. Ua wa saruji, si wa vumbi. Shimo la maji machafu. Na ua wenyewe uwe ambao mtu anaweza kuleta zulia bila kuingia chumbani kwa mtu."

Wote wakafikiri, kisha wote wakamtazama Breki. Breki aliishi katika moja ya nyumba za zamani za reli: ua mpana wa saruji, bomba katikati, shimo kubwa nyuma.

"Hapana," akasema Breki.

"Umekasirika, mtani?" Povu akauliza kwa upole sana.

Breki akamrudishia koti lake. "Nani? Mimi? Sijakasirika."

"Basi Jumatatu saa moja. Tunaanza na hili la Bi Hafsa."

"Lakini Levina..." akasema Breki. Levina alikuwa mkewe. Ua ule aliusugua mwenyewe asubuhi na jioni, na mgeni akiingia na viatu anaviona vimerudishwa nje kabla hajakaa. "Twendeni wote tukamweleze. Wengi tunasikika."

Gredi akakumbuka basi la Urambo, ambalo lilikuwa linaondoka saa nane. Mzee Safu akataka kuwahi adhuhuri, saa nne na nusu hiyo. Mwamvita akasema mtu haachi moto peke yake. Alibaki Povu, kwa kuwa kazi ilikuwa yake.

Walipofika kwenye geti la Breki, Povu akasimama.

"Ingia wewe. Mimi nitasubiri hapa nje. Akikubali, nipungie mkono."

"Na akikataa?"

"Akikataa nitasikia mwenyewe."

Breki akaingia. Povu akasikia sauti ya Breki, ndogo, kisha sauti ya Levina, kisha ya Levina tena, kisha kitu kizito kinaburutwa. Geti likafunguka. Levina alikuwa ametoka na mazulia mawili kwapani.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Inasafisha na makochi?"

"Na makochi."

"Na magodoro?"

"Ikibidi."

"Basi ua ni wako. Yangu kwanza, ya Hafsa baadaye. Tena viatu nje." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Na huyu anafanya kazi na wewe, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Miaka sita tangu astaafu, namwona usiku tu. Kile kijiwe kimemfaidi vya kutosha."

Akayatupa mazulia miguuni mwa mumewe, akarudi ndani. Breki akayaruka. Kisha akamsogelea Povu, akanong'ona:

"Mtani, mpigie tena yule wa Dar. Muulize kama yule wa Mwanza anaweza kurudisha gari."