Vibakuli vya Maji Safi

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimeficha jambo kwa miaka ishirini na sita. Sikuua mtu. Ni vibakuli.

Nilikuwa mkuu wa maabara ya samaki. Tulitia kemikali za kulainishia plastiki kwenye vibakuli vya mayai ya samaki, tuone viinitete vinakuaje humo. Vibakuli vingine vilikuwa vya maji safi, vya kulinganishia. Marehemu mke wangu aliona aibu kuwawekea wageni sukari kwenye kopo. Basi nikamletea vile vya maji safi. Vya kioo kizito, namba zimechongwa chini. Viwili viwili, ndani ya kofia. Mayai nikayahamishia kwenye vikopo vya plastiki vya kantini. Plastiki! Mimi, bingwa wa plastiki!

Samaki wa maji safi wakatoka wamepinda mgongo na kuvimba moyo, sawasawa na wenzao wa kemikali. Msaidizi wangu, binti tuliyemwita Darubini kwa ukali wa macho, akaandika kwamba labda chombo chenyewe kinatoa sumu. Alikuwa amegundua jambo. Nami nikaandika neno moja kwenye faili lake: uzembe. Kwamba hakunawa mikono. Akahamishiwa ghala la vyombo, na huko yuko mpaka leo. Ijumaa anastaafu. Faili litasomwa mbele ya watu wote.

Siwezi kwenda kaburini na hili. Mpango: nife Alhamisi, barua ya ungamo ikutwe chini ya mto. Moyo wangu umechoka, daktari mwenyewe kasema. Mambo yanaenda vizuri.

Jumanne, tarehe 4
Mkwe wangu kafua mashuka, foronya na ungamo. Limetoka jeupe pe. Daktari naye kaja, kasikiliza kifua, kasema mwezi huu nitaumaliza. Hakuna wa kumtegemea.

Mpango mpya: vibakuli vikutwe ghalani, nyuma ya rafu, kana kwamba vilipotea vyenyewe. Darubini atasafishika. Mimi sitachafuka.

Jumatano, tarehe 5
Nimemwambia mkwe natamani kunusa maabara mara ya mwisho. Akalia kidogo, akanipeleka kwa kiti cha magurudumu. Vibakuli chini ya blanketi, kati ya mapaja. Baridi!

Askari wa getini ananikumbuka. Akapiga saluti, akasukuma kiti mwenyewe, akapitia kwenye mawe. Vibakuli vikagongana, nikalia kama duka la vyombo. Akauliza ni nini hicho. Nikasema magoti. Akashtuka, akageuza kiti hadi zahanati. Ghala sikuliona hata paa. Nimerudi na dawa ya kuchua na vibakuli vyangu vyote. Mkwe kavirudisha kabatini bila kuuliza, na cha sukari kakijaza.

Alhamisi, tarehe 6
Sijafa.

Darubini kaja, kama kila Alhamisi. Kaniletea supu ya moto, kwenye kopo la plastiki! Nikamsomea somo zima: joto, kemikali kutoka kwenye plastiki, viinitete, uti wa mgongo. Alisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema alitaka tu kujua kama bado nakumbuka.

Akavuta sukari, akaimimina yote kwenye sahani, akapindua kibakuli.

"Namba saba," akasema. "Mkuu, chai hii nimeinywa miaka mingapi?"

Akaeleza kwamba kila mwaka, kwenye orodha ya ghala, anaandika: vibakuli vya kioo, kumi na viwili, havijulikani vilipo. Kila mwaka anajua vilipo. Lakini nani angemsikiliza mtunza ghala aliyeandikiwa uzembe? Nikaanza kutoa machozi. Nina kipaji hicho.

"Machozi kaa nayo, Mkuu. Niandikie barua."

Nikaandika kwamba vibakuli "vilihama." Akakataa. Nikaandika "tulivihamisha." Akauliza sisi na nani. Nikaandika "nilivichukua." Nikaandika pia kwamba uzembe ulikuwa wangu na ugunduzi wake. Lakini nilipoandika "vibakuli kadhaa," hilo "kadhaa" lilimpita. Macho yale!

Ijumaa, tarehe 7
Barua imesomwa. Ukumbi ukapiga makofi, yote yake. Mkurugenzi kachora mstari juu ya neno "uzembe." Darubini kapangusa miwani mara tatu. Askari wa getini kanitazama magoti, akatikisa kichwa. Vibakuli nimevikabidhi. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Jumamosi, tarehe 8
Niandike na hili, kwa kuwa kifua kinabana tangu asubuhi.

Jana, Darubini akipigwa picha, mkurugenzi alihesabu vibakuli, akatazama orodha ya ghala, akahesabu tena. Akaniuliza kwa upole kimoja kiko wapi. Nikasema pengine Darubini alikivunja, enzi zile. Sijui neno lilitokaje. Lilitoka laini, kama lilikuwa linangoja mlangoni. Akaliandika kwenye faili.

Namba tatu iko chini ya kitanda changu. Ndani yake kuna maji safi na meno yangu. Kwenye plastiki siyaweki. Najua madhara yake.