Mashine Ambayo Mama Aluoch Hakuiona

Uvumi wenyewe uliletwa na Mumina, jirani wa mlango wa pili, alipokuja kurudisha sufuria. Ulisema hivi: kule Idara ya Kutambua Mambo Mapya, kitu kipya kikiingia kinaangaliwa, kinaangaliwa tena, mpaka kinakuwa cha zamani. Halafu mwenyewe anaambiwa pole, sisi hapa tunapokea vipya tu.

"Kuna mzee wa Buruburu alipeleka toroli linalopanda ngazi," Mumina alisema. "Alirudi na gurudumu moja, Mama Aluoch. Moja! Na halina upepo."

Truphena, ambaye ploti nzima ya wapangaji ilimwita Mama Aluoch, alijaribu kuutoa uvumi huo kichwani. Alifua nguo, ukabaki. Alienda mazoezi ya kwaya, ukamwingilia katikati ya ubeti wa pili, akaimba peke yake wenzake wakiwa wamenyamaza.

Usingalimsumbua hivyo kama gari la Idara lisingalipita mtaani kwao Mowlem wiki hiyohiyo na kipaza sauti juu.

"Wananchi wapendwa! Serikali imeutangaza huu kuwa Mwaka wa Kuvumbua! Kila mwenye wazo jipya alilete likiwa bado jipya! Mawazo yaliyotumika hayatapokelewa! Tafadhali msisukumane!"

Lilikuwa tangazo la watu wenye kujali. Walikataza kusukumana hata pale ambapo barabarani palikuwa na muuza visamaki vya omena na mbuzi tu.

Na Aluoch, binti yake, alikuwa na wazo jipya chini ya kitanda cha mamake.

Aluoch alikuwa fundi wa mota. Mota ya kisiagi cha mahindi ikiungua, yeye ndiye aliyeisuka waya upya. Alizisuka nyingi mno mpaka akachoka kuona kitu kimoja kikiua zote: waya zote kuwaka wakati wote, hata kama kuna kikombe kimoja tu cha mahindi cha kusagwa. Basi akatengeneza mota yake. Pembeni kulikuwa na koili za waya zilizokaa tuli, kwa duara. Katikati kulikuwa na kipande cha chuma cha kuzunguka. Na kulikuwa na swichi ya kuziwasha koili moja baada ya nyingine, kila moja ikikivuta kile chuma kidogo, kisha inazima na kumwachia mwenzake. Kazi ikiwa ndogo, nusu ya koili zinapumzika kabisa.

"Ni kama zamu ya kuosha choo cha ploti," alimweleza mamake. "Kila mtu na zamu yake, hakuna anayekufa na kazi."

"Kwenye choo kuna watu hawaoshi," Truphena alisema.

"Ndiyo maana nimeweka swichi, mathe."

Hashi, tajiri wa visiagi, aliisikia ikisaga akiwa nje ya mlango, akatikisa kichwa kwa raha. "Leta cheti kwamba ni yako, binti yangu, na nitaiweka kwenye visiagi vyangu vyote. Bila cheti, nikiiweka Jumatatu, Jumanne mafundi wote wa Dandora wataapa waliiota wao."

Kwa hivyo cheti kilikuwa lazima. Mama na binti walishuka kwenye matatu kituo cha Muthurwa asubuhi, mashine imefunikwa kwa leso, wakatembea hadi jengo la Idara. Truphena alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na ofisi yenye lifti ilimfanya ajisikie kama amechelewa shule.

Walipokelewa na afisa kijana, Abdirizak, mwenye adabu nyingi.

"Karibuni. Swali la kwanza ni la kawaida tu. Je, kuna mtu yeyote wa umma aliyewahi kuiona mashine hii?"

"Hakuna," alisema Aluoch.

"Mimi nimeiona!" alisema Truphena, kwa fahari ya mzazi. "Imelala chini ya kitanda changu tangu Pasaka!"

Abdirizak aliweka kalamu chini taratibu. Aluoch akafumba macho.

Ikumbukwe kwamba kitu kilichoonwa na umma si kipya tena. Lakini Idara haikuwa na haraka ya kumwonea mtu. Siku hiyohiyo iliundwa Kamati Maalum ya Kubaini Iwapo Mama ni Umma, chini ya uenyekiti wa Mchunguzi Mkuu mwenyewe, Bwana Nzau, mtu mnene mwenye sauti ya redio. Baada ya mashauriano mapana, na chai, Kamati ilibaini kwamba mama akiwa sokoni ni umma, akiwa jikoni si umma, na akiwa kitandani huku mashine iko chini yake, sheria iko kimya.

Palipo na kimya, Bwana Nzau alikuwa hodari wa kuongeza karatasi. Alitoa Agizo la Kutoona. Abdirizak alilisoma akiwa amesimama wima: "Kuanzia leo na kurudi nyuma, Bi. Truphena hajaiona mashine hii, haioni, wala hataiona mpaka Idara itakapomruhusu."

"Lakini nimeiona, mwanangu," Truphena alinong'ona. "Iliniunguzia shuka la maua."

"Shuka liliunguzwa na kitu ambacho mama hajakiona."

"Sasa nimlaumu nani?"

"Idara haina msimamo kuhusu shuka."

"Mathe, tia sahihi," alisema Aluoch. "Hawa wasee wakianza kuuliza nani mwingine ameona, watamwita hadi paka wa Mumina."

Akatia sahihi. Na kwa kuwa alikuwa mwoga wa serikali kwelikweli, alitii. Kila walipoitwa kwenye lile jengo, aliingia ukumbini ameshika mkono wa bintiye, uso umeelekea ukutani, na akaizoea sana picha ya kalenda iliyokuwa hapo.

Uchunguzi uliendeshwa kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Mashine iliwekwa katikati ya ukumbi, na ili kusiwe na upendeleo, kila mfanyakazi aliamriwa aje aione. Wakaja wa hesabu, wakaja wa masjala, wakaja walinzi, dereva, na mama wa chai. Afisa mmoja alikatiza likizo. Wengine walikuja mara ya pili kuhakikisha kwamba haijabadilika.

Kisha Bwana Nzau akaita kikao.

"Binti, hongera," alisema. "Mashine inafanya kazi. Tatizo ni kwamba si mpya. Ilikuwepo."

Aluoch alisimama. "Ilikuwepo wapi?"

"Hapa." Akafungua mikono kwa fahari, akaonyesha ukumbi mzima: meza za maafisa zilizozunguka kuta, na mwananchi mmoja aliyesimama katikati na bahasha. "Hebu tazama. Maafisa wamekaa tuli, kwa duara. Mwananchi yuko katikati. Afisa wa kwanza anawaka, anamvuta, anazima. Wa pili anawaka, anamvuta, anazima. Nusu yetu tunapumzika. Mwananchi anazunguka! Idara hii imetumia mfumo huo tangu iundwe. Wewe umeunakili kwa waya."

Maafisa walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Hawakuwa wamewahi kuelezewa kazi yao vizuri hivyo.

Aluoch alikaa chini, akamshika mamake mkono. Truphena, macho kwenye kalenda, aliusikia uvumi wa Mumina ukicheka ndani ya kichwa chake. Imeangaliwa mpaka imekuwa ya zamani.

"Kuna rufaa?" Aluoch aliuliza.

"Bila shaka! Sisi si wanyama. Rufaa itasikilizwa sasa hivi, na matokeo yake ni ya mwisho. Kanuni inataka tu msikilizaji awe mtu asiyewahi kuiona mashine, ili asiwe na maoni." Bwana Nzau akageuka. "Nani hapa hajaiona?"

Akaanza kuwapitia mmoja mmoja kwa kidole.

"Wa hesabu?"

"Tumeiona, bwana mkubwa. Uliamuru."

"Mlinzi wa lango?"

"Mara tatu, mkubwa."

Abdirizak alikohoa. Alikuwa kijana wa kusoma kila kitu, ugonjwa mbaya sana ofisini. "Bwana mkubwa, kwa mujibu wa kumbukumbu, yuko mmoja tu ndani ya jengo hili. Kuanzia siku ile na kurudi nyuma."

Macho yote yakamgeukia Truphena, aliyekuwa anasoma jina la kampuni ya bima chini ya kalenda.

"Huyo ni mamake!" Bwana Nzau alinguruma.

"Ndiyo, bwana mkubwa. Kanuni imetaja macho. Haijataja tumbo. Ama tufute Agizo, tuseme Idara ilikosea?"

Idara haikuwa imekosea tangu iundwe. Bwana Nzau alitazama dari, akatazama sahihi yake mwenyewe kwenye Agizo, akavuta kiti kikubwa. "Mama, karibu," alisema, kama mtu anayemeza dawa.

Truphena alikalia ukingo tu wa kile kiti, pochi imebanwa magotini. Alitaka kwenda nyumbani. Alitaka choo. Lakini mtoto alikuwa pale chini ameinamisha kichwa, na kwa ajili ya mtoto mama huuliza maswali ambayo kwa ajili ya nafsi yake asingethubutu.

"Bwana mkubwa, samahani," alianza. "Unasema ofisi yako na kitu hicho ambacho sijakiona ni kitu kimoja?"

"Kimoja, mama."

"Basi naomba nionyeshwe. Vyote vifanye kazi. Hicho kipewe mahindi. Na wewe, kama hutajali, uingie katikati na bahasha."

"Mimi?"

"Upeleke hilo pingamizi lako kwamba si mpya, ligongwe muhuri. Kama wananchi."

Bwana Nzau alicheka, akachukua bahasha, akaenda kwenye meza ya kwanza.

"Picha ya pasipoti," alisema wa meza ya kwanza, bila kuinua uso.

"Ni mimi, Nzau!"

"Ndiyo, mkubwa. Lakini picha."

Wa meza ya pili alikuwa ameenda chai. Koti lake lilikuwepo. Wa tatu alimrudisha kwa wa pili. Wa nne alisema zamani ilikuwa hapa, siku hizi ni kwa wa tatu. Wa tano alimwambia, "Mzee, usisukumane," naye alikuwa peke yake. Alizunguka. Alivua koti, akazunguka. Mfumo ulifanya kazi bila dosari, na wale wa nusu nyingine walipumzika kama ilivyokusudiwa.

Huku nyuma Aluoch alimimina mkebe wa mahindi kwenye kinu kidogo alichokifunga kwenye mashine, akabonyeza swichi. Truphena hakutazama. Alisikia tu ile sauti aliyoilalia tangu Pasaka, kisha harufu ikamfikia. Aluoch alimtilia mamake unga kiganjani. Ulikuwa wa moto.

Bwana Nzau alirudi mbele ya kiti wakati maafisa wanafunga droo. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Bwana mkubwa, cha huyu binti kimezunguka kikatoa huu," Truphena alisema, akionyesha kiganja. "Wewe umezunguka. Umetoa nini?"

Bwana Nzau alifungua bahasha, akachungulia ndani kama mtu anayetumaini.

"Nimeambiwa nirudi kesho," alisema.

Mama wa chai ndiye aliyeanza kucheka.

"Basi si kitu kimoja," Truphena aliamua. "Cha kuzunguka na kutoa kitu hakijawahi kuwa kwenye jengo hili. Ni kipya. Mpeni mtoto cheti, tuna safari."

Cheti kilitoka jioni hiyohiyo. Sahihi ya Bwana Nzau ilihitajika, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu angoje; hakutaka kuiona tena meza ya kwanza.

"Mama sasa anaruhusiwa kuiona," Abdirizak alitangaza.

Truphena, aliyekuwa amerudi kwenye kalenda yake, aligeuka kutoka ukutani. Aluoch aliiondolea mashine leso. Mama aliitazama ile mashine kwa muda mrefu, duara la waya na chuma katikati, kama mtu anayemwona mjukuu. "Imekonda," alisema.

Kwa hivyo wewe mama ambaye mtoto wako anafungua redio kwa bisibisi, shika haya:

Usiseme umeiona. Ukiulizwa, waulize wao kwanza wanaona nini.

Usimwamini jirani anayerudisha sufuria, ila usimpuuze pia.

Usiende bila picha ya pasipoti. Beba na ya mtoto.

Usiamini koti lililo kwenye kiti.

Usiweke mashine chini ya shuka la maua.

Usikalie kiti cha mkubwa mpaka ndani. Kaa ukingoni, uweze kukimbia.

Usimnyang'anye mtoto bisibisi.

Na unga ule usiupike. Weka kidogo kwenye mkebe, siku wakikuuliza ushahidi.