Dawa Isiyotaka Maji

Sitati aliingia ploti ya Jepchumba, ya vyumba vya kupangisha kule Kaptembwo, akitafuta kivuli tu, maana alikuwa ametembea tangu asubuhi na miguu ilikuwa imeanza kumlaani. Lakini alipoona mende akitoka chini ya mlango mchana kweupe, polepole, kama mheshimiwa anayetoka mkutanoni, alijua Mungu hajamsahau. Mende wa mchana ni mende aliyekosa nafasi ndani. Akatazama alikotoka yule mende: mfereji unadondoka, bomba limefungwa kwa tambara na mpira wa baiskeli, ukuta umeota ukungu wa kijani hadi dirishani. Ploti nzima ilikuwa inatoa jasho.

"Vyumba kumi," alijiambia, akivaa koti lake jeupe la mtumba, lile la daktari.

Biashara yake ilikuwa hivi. Zamani, alipokuwa akilishwa na serikali mahali ambapo mlango hufungwa kwa nje, alipangiwa kazi ya jikoni. Mpishi wa huko, mwizi wa ng'ombe mwenye akili kuliko mawaziri watatu, alimfundisha siri moja: mende anaweza kukaa mwezi mzima bila chakula, lakini bila maji, wiki moja anafunga mizigo. Kausha nyumba, atahama mwenyewe.

Sasa, ukimwambia mtu "kausha nyumba" atakushukuru na kukufungia mlango. Hakuna anayelipia ukweli, ndiyo maana wakubwa wetu hawauweki dukani. Kwa hiyo Sitati alichota udongo mweupe kando ya barabara kule Kariandusi, akaujaza kwenye mikebe, akauita Askari Kanzu. Sharti lilikuwa moja: dawa haitaki maji. Tone likiigusa, imekufa. Mteja aliyekausha nyumba aliona mende wakihama, akaisifu dawa. Asiyekausha alikuja analia, naye Sitati akamwuliza kwa huzuni, "Ulimwaga maji, sivyo?" Na nani hajawahi kumwaga maji? Kama udongo wenyewe ulikuwa na nguvu au la, hakuwahi kuujaribu. Daktari hanywi dawa ya mgonjwa.

Jepchumba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akimenya viazi.

"Habari ya saa hizi, mathe."

"Nzuri. Wewe ni wa kanisa ama wa kura?"

"Mimi ni wa mende."

"Hao tuko nao wengi. Unataka debe ngapi?"

Sitati akacheka kidaktari, akafungua begi, akahubiri. Mama alimsikiliza mdomo wazi, kisu kimesimama katikati ya kiazi.

"Hata wale wanaruka?"

"Hao ndio huwa naanza nao."

Wakati akihubiri, jicho lake lilikuwa limeangukia chumba cha mbele. Kilitazama barabara, kina mlango wa chuma, na kilikuwa kitupu. Sitati akasahau pesa. Tangu mkewe Nangila afe kwenye benchi la hospitali, akingoja mtu mwenye ufunguo wa stoo ya dawa (mwenye ufunguo alikuwa semina, na semina ilikuwa na chakula), Sitati hakuwa amelala mahali pake. Miaka sita ya sakafu za watu. Alitaka mlango mmoja tu wa kufunga kwa ndani.

"Pesa zako kaa nazo, mathe. Nikimaliza mende, unipe kile chumba mwaka mmoja bila kodi."

Jepchumba akaweka kisu chini. "Hiyo ni sawa. Lakini unasema dawa haitaki maji, na hapa ni maji kila mahali. Mimi ni mjane, fundi wa bomba nitamlipa na nini?" Akashusha pumzi. "Basi tuache tu, daktari."

"Tuache? Hapana! Hayo ni mambo madogo. Nitayashughulikia mwenyewe."

"Kweli? Ngoja basi tuandike. Mimi na kalamu hatujuani." Akamwita Mercyline, mwalimu wa chumba cha tatu, naye akaandika alichoambiwa: Dawa ya Sitati ikimaliza mende, Jepchumba atampa chumba cha mbele mwaka mmoja. Sitati akatia sahihi ya kidaktari, ile isiyosomeka. Mama akatia dole gumba. Mikebe kumi ikafungiwa kabatini, isifunguliwe mpaka ploti ikauke siku saba.

Ndipo Sitati alipojua kazi ni nini. Aliuza simu akanunua mabomba. Alibadilisha vipira vilivyochakaa ndani ya mifereji, akaziba mabati yaliyovuja, akang'oa misumari iliyofunga madirisha ili upepo uingie. Alikwangua ukungu mpaka akakohoa kijani. Alikwenda mlango kwa mlango akiwafundisha wapangaji: tambara la kupigia deki lianikwe nje, mtungi ufunikwe, sinki lipanguswe kila jioni.

"Daktari," Omolo wa chumba cha saba alimwita akiwa juu ya paa, "mabati yana presha?"

"Nyamaza, Omolo. Nyumba yako ndiyo iko ICU."

Omolo alicheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Siku saba za ukavu zikaisha. Mende walikuwa wamehamia ploti ya jirani, ya mheshimiwa wa wadi, ambako bomba lilikuwa limepasuka tangu kampeni. Sitati alifua koti, akanyoa ndevu, akaja.

"Mathe, leo ndiyo leo. Lete mikebe niweke dawa."

"Uiweke iue nani?"

"Mende!"

"Mende waliisha juzi, daktari."

"Unaona sasa! Si nilikwambia dawa ni kali?"

Jepchumba akafungua kabati. Mikebe kumi, utepe juu yake haujaguswa. "Hii? Hii haijanusa hata hewa. Mwalimu, hebu tusomee."

Mercyline akasoma, bila kumwangalia Sitati. "Dawa ya Sitati ikimaliza mende."

"Dawa imemaliza?"

"Haijafunguliwa, mathe."

"Lakini ni mimi nimekausha!" Sitati alipiga kelele.

"Na Mungu akubariki. Lakini karatasi haisemi kukausha."

Wapangaji walikuwa wamesimama milangoni. Kwa mara ya kwanza maishani ukweli ulikuwa upande wa Sitati, na hakuweza kuusema. Angesema nini? Kwamba kinachofukuza mende ni ukavu, na mikebe ni udongo? Mke wa Omolo alikuwa na dada kule Bahati aliyenunua mikebe mitatu.

Akachukua begi lake. Alipopita chumba cha mbele aligusa mlango wa chuma. Ulikuwa mkavu, hata bawaba alikuwa ameitia mafuta.

Omolo alimsindikiza hadi getini. "Pole, daktari. Usijilaumu. Yule wa dawa ya panya alituchimbia mtaro. Nabii wa kufukuza majini naye alipaka ploti nzima rangi, eti majini hayatoki kwenye ukuta mchafu. Kaunti tunailipa miaka kumi sasa, haijaleta hata msumari. Sisi hapa tunaendelezwa na wakora."

"Na mama ambaye hajasoma ndiye amepanga yote hayo?"

"Hajasoma? Huyo alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini."

Omolo akarudi ndani. Nje ya geti alisimama mwanaume wa suti, chupa ya kijani mkononi, viatu vyake vimeliwa upande mmoja.

"Samahani, boss. Hapa choo kimejaa?"

"Kimejaa hadi kinahesabiwa kama mpangaji."

Macho ya yule mtu yakang'aa. "Niko na dawa ya kukishusha. Lakini inataka shimo jipya ndio ishike. Mwenye ploti ni mtu wa aina gani?"

Sitati angeweza kumwokoa kwa neno moja. Badala yake alisukuma geti, akalishikilia wazi kwa heshima zote.

"Mama mpole sana, ndugu yangu. Ingia, ingia. Ukiwa na jembe, ni vizuri zaidi."