Daftari la Chumba 114

Jumatatu, 18 Mei 1998

Nimekwisha. Daftari langu limeokotwa.

Naanza hili jipya. Mwalimu Garama wa Bongwe alitwambia kwenye semina ya kanisa: anayetaka kuwa mwandishi aandike kila siku, mezani, mahali palepale, hata akiwa na msiba. Leo msiba ninao.

Kilichoniponza ni meza. Kwangu sina. Hoteli nayo msimu huu haina wageni, vyumba vimelala vitupu, na anayefagia upande wa chini ni mimi. Basi kila saa nne asubuhi nilijifungia chumba 114, nikaketi kwenye kiti cha mgeni, nikaandika dakika ishirini. Daftari nililiacha kwenye droo. Nani angelifungua?

Jacktone, mfanyakazi mwenzangu! Alitumwa kupulizia dawa ya mchwa. Amelipeleka moja kwa moja kwa Madam Jecinta, msimamizi wetu wa vyumba, naye ameliandikisha kwenye kitabu cha vitu vilivyosahauliwa na wageni, akalifungia kabatini. Sheria ya kabati tunaijua sote. Kitu hukaa miezi mitatu. Mwenyewe asipojitokeza, anapewa aliyekiokota.

Nami siwezi kujitokeza. Mfanyakazi kukalia kiti cha mgeni ni kufukuzwa. Orodha ya watakaoongezewa mikataba itabandikwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mwaka jana wenzetu thelathini walikwenda.

Jumanne, 19 Mei

Sikupata usingizi. Nilikuwa nakumbuka niliyoyaandika.

Mwalimu alisema tuandike watu tunaowajua, bila kupamba. Sikupamba hata kidogo. Jecinta: funguo zake za kiunoni humtangaza kama kengele ya mbuzi, na hunusa mito ya wageni mmoja baada ya mwingine. Jacktone: huomba kwa sauti pale tu meneja anapopita. Majina kamili! Jina langu tu ndilo ambalo sikuliandika, namshukuru Mungu.

Kantini, Jacktone alikaa karibu yangu. Alisema hakulisoma, alihesabu tu kurasa zilizobaki safi, kwa kuwa mwanawe anahitaji daftari. Lakini mwezi wa nane likiwa lake, atatusomea hizo za mbele, tuone mzungu anaandikaje Kiswahili. Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, ugali ukanikwama, nikapigwa mgongo.

Alhamisi, 21 Mei

Akili imefunguka!

Wote wanaamini daftari ni la mgeni. Basi mgeni mwenyewe ndiye atakayelidai. Wa mwisho kulala 114 alikuwa Bwana Helmut, Mjerumani, aliyetusalimia Kiswahili kutoka kijitabu. Ataandika barua kuomba daftari lake likabidhiwe kwa Musau, yaani mimi, mfanyakazi mwaminifu kuliko wote, ambaye atalituma kwa posta.

Nimeiandika mara nne. Mwalimu alisema kuandika ni kuandika upya. Alisema pia kwamba jambo dogo la kweli humfanya msomaji aamini yote, kwa hiyo nimetia la kweli. Inaanza hivi: “Kwako mpendwa Madam Jecinta, pokea salamu nyingi kama mchanga wa Diani. Mimi huku Ujerumani ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe, mama yako na wale mbuzi wake wa Makueni.” Nzuri sana. Nilipoisoma nilikaribia kumkumbuka huyo mama.

Nimempa Chome, bawabu wa lango kuu, aseme imeletwa na rafiki wa mgeni. Nilimpa shikamoo mara mbili. Aliigeuza bahasha, akaitazama pale pasipo na stempu, akaniomba jina lake lisitajwe popote.

Ijumaa, 22 Mei

Barua imefika. Nimesikia funguo siku nzima. Zikija, nainama chini ya kitanda kama natafuta vumbi. Mara moja zilisimama mlangoni, zikakaa, zikaondoka. Bora Madam angefoka.

Jumatatu, 25 Mei

Niliitwa ofisini.

Barua ilikuwa mezani, na kando yake daftari. Madam alivaa miwani, akauliza kwa upole:

“Musau, mzungu gani anayewajulia hali mbuzi wa mama yangu kabla hajasema shida yake?”

Kisha alitoa kwenye faili barua yangu ya mwezi wa pili, ya kuomba ruhusa ya mazishi. Mzima wa afya, hofu ni kwako, mbuzi. Neno kwa neno.

Nilikiri yote, hata kiti. Nilimwambia sina meza. Yeye alinisahihisha la mito: hainusi kwa kupenda, anatafuta ukungu. Halafu alifunua ukurasa mmoja na sauti yake ikabadilika. Humo niliandika kwamba siku wale thelathini walipofukuzwa, alijifungia stoo ya mashuka, akalia ndani ya taulo, kisha akaifua ile taulo kwa mikono yake.

Aliuliza niliona wapi. Nilisema nilikuwa nyuma ya rafu, naandika.

“Ile orodha sikuitunga mimi,” alisema. “Nilipewa nikaibandike.”

Aliuchana ukurasa taratibu, akaukunja, akautia mkobani, akanirudishia daftari. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu. Alisema atamwambia Jacktone kwamba mwenye daftari amejitokeza. Kuhusu mkataba sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa, 29 Mei

Jina langu lipo! Nililisoma mara tatu. Lakini si vyumbani. Nimepelekwa kwa dobi, kwenye mvuke, chini ya Seth, msimamizi wa huko. Huko hakuna meza wala droo. Jacktone amepewa upande wa chini. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, bahati nzuri meneja alikuwa anapita.

Jumamosi, 30 Mei

Seth hujipaka sabuni ya unga kwapani. Kurasa mbili tayari.

Hili nalo nilifiche wapi? Kwa dobi litalowa. Nyumbani mke wangu Kanyiva hufungua kila kitu, naye nimemwandika ukurasa wa tisa. Vyumba vya wageni sirudii tena, nimejifunza.

Nimepata! Nimeleta mashuka ofisini, Madam yuko mkutanoni, kabati li wazi. Kitu kikiingia humo hakiguswi miezi mitatu. Nimeandika kitabuni mwenyewe: daftari moja, chumba 107, mwenyewe hajulikani. Penye jina la aliyeokota nilisita. Langu lingeleta mashaka.

Nimeandika la Jacktone. Yeye hashukiwi kamwe. Usiku wa leo nitalala.